Dhamana ya Mto

Mwenye nyumba wa Nairobi hakupi ufunguo mpaka umwekee dipoziti. Wa Dar es Salaam atadai kodi ya miezi sita mkononi ndipo uingize godoro. Hakutukani kwa kufanya hivyo. Hajui tabia yako, na hata akiijua, hajui kesho utaamka na nini mfukoni. Ukivunja sinki, ukiacha deni la maji, ukihama usiku wa manane, anataka awe na cha kushika. Nimeanzia hapa kwa sababu jimbo la Colorado, Marekani, liliwahi kumkabidhi mpangaji mlima mzima pamoja na vijito vinavyoshuka ubavuni mwake, kwa dipoziti ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya hasara iliyokuja kutokea. Mpangaji alihama. Samaki hawakuwa na pa kuhamia.

Samaki ninaowasema ni trauti. Wenyeji wa Nyeri na Kirinyaga hawahitaji kuelezwa trauti ni nani, maana wamewaona kwenye mito yao tangu enzi za mababu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye akaja trauti mwenye rangi za upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, akaenea katika vijito vya Mlima Kenya. Popote aishipo, masharti yake ni yaleyale: maji baridi, maji yaendayo kasi, hewa tele ndani ya maji, na changarawe safi chini. Jike huchimba kishimo kwenye changarawe kwa mkia, akataga, kisha akayafukia mayai kwa vijiwe. Mayai hayo hupumua kwa maji yanayopenya katikati ya vijiwe. Mianya ikizibwa na tope, mayai hufa yangali mayai.

Katika milima ya San Juan, kusini mwa Colorado, kuna trauti wa kienyeji mwenye michirizi miwili myekundu chini ya taya, kana kwamba amechanjwa kwa wembe. Ndiye samaki wa asili wa bonde la juu la Mto Rio Grande, aliyekuwapo kabla ya Mhispania na kabla ya mchimbaji wa kwanza. Mfunue shavu utaona matamvua yake: nyuzi nyembamba nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Ngozi ya nyuzi hizo ni laini mno, maana ndiyo mlango wake wa uhai. Hapo hewa huingia, na hapo chumvi ya mwili huzuiwa isitoke. Shaba iliyoyeyuka majini huuvuruga mlango huo. Chumvi huvuja, damu huwa nzito, moyo hushindwa. Wala haihitaji shaba nyingi. Marekani huruhusu hadi miligramu 1.3 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa ya binadamu. Trauti mchanga aliye katika maji laini hufa kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya kumi ya hicho. Mtu anaweza kuinama mtoni, akanywa, akajifuta mdomo na kusema maji ni mazuri, huku samaki wote wa hapo wameshakufa.

Sasa twende mlimani. Summitville ni mahali pa juu sana, yapata mita 3,500 kutoka usawa wa bahari, ambapo theluji hulala sehemu kubwa ya mwaka. Dhahabu iligunduliwa huko katika miaka ya 1870, na wachimbaji wa zamani wakatoboa mahandaki ndani ya mlima. Kijito cha Wightman Fork hupita hapo, kikaingia Mto Alamosa, na Alamosa hushuka hadi bwawa la Terrace na mashamba ya bonde la San Luis, ambako wakulima humwagilia shayiri na majani ya mifugo.

Katikati ya miaka ya 1980 akaja mpangaji mpya: kampuni tanzu ya Galactic Resources, kampuni kutoka Kanada. Haikuwa na haja ya mahandaki. Njia yake ilikuwa kuvunja mlima kutoka juu, kusaga mawe, kuyalundika juu ya tandiko kubwa la plastiki na udongo wa mfinyanzi, kisha kuyanyunyizia maji yenye sianidi. Sianidi hupenya kwenye lundo, huyeyusha dhahabu, na maji hukusanywa chini yakachujwe. Kwa njia hii hata jiwe lenye chembe ndogo mno ya dhahabu huleta faida. Leseni ilitolewa, na dhamana ya ukarabati ikawekwa, iliyopigiwa hesabu kwa namna mtu anavyopiga hesabu ya jambo ambalo haamini litatokea.

Tandiko lilitandazwa katika majira ya baridi. Yeyote aliyewahi kuezeka nyumba kwenye mvua anajua kazi ya namna hiyo huwaje. Juni 1986 sianidi ikaanza kumwagwa, na ndani ya siku chache tu ikagundulika kwamba tandiko linavuja. Ufa, basi, ulionekana mapema kabisa. Kazi haikusimamishwa. Pampu zilifungwa ili kuyarudisha juu ya lundo maji yaliyovuja, na mchezo huo ukaendelea mwaka baada ya mwaka.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa halikuhitaji mtaalamu wa kemia kuliona. Hesabu za mradi zilichukulia kwamba jua na upepo vitakausha maji mengi kuliko yatakayoingia, hivyo hakutakuwa na tone la kumwaga mtoni. Hesabu hiyo ilifanywa kwa mlima unaofunikwa na theluji! Mfugaji yeyote wa bonde lile angewaambia kwamba ifikapo Mei na Juni theluji huyeyuka yote kwa pamoja na kila korongo likawa mto. Lundo likawa bakuli. Kila mwaka maji yenye sianidi yalipanda ndani yake, na kila mwaka nafasi iliyobaki ikapungua.

Hata hivyo si sianidi iliyoua mto mzima, na ni haki kulieleza hili vizuri. Mwamba wa mlima ule umejaa madini yenye salfa. Ukiwa umefunikwa ardhini hauna neno. Ukivunjwa ukakutana na hewa na maji, hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha shaba, zinki, chuma na alumini na kuvibeba mtoni. Uchimbaji wa wazi ulifungulia hewa na maji sehemu kubwa ya mlima, maji yakashuka hadi kwenye handaki la kale liitwalo Reynolds, na handaki hilo likawa bomba la kumwagia shaba katika Wightman Fork. Alumini na chuma vikifika kwenye maji yasiyo makali hugeuka utelezi na ukoko wa rangi ya kutu unaoshika kila jiwe. Hapo wadudu wa majini, chakula cha trauti, hukosa pa kujishikiza. Changarawe huwa kama imemwagiwa saruji. Trauti asiyekufa kwa shaba atakufa kwa njaa, na asiyekufa kwa njaa hatapata pa kutaga.

Kufikia mwaka 1990 samaki waliopandikizwa katika bwawa la Terrace walikuwa wametoweka, na sehemu ya Mto Alamosa yenye urefu wa kilomita 27 hivi ikabaki bila samaki. Milango ya chuma ya mifereji ya umwagiliaji ikaanza kuliwa na asidi, na wakulima wakajiuliza hayo maji yanafanya nini kwenye udongo wao ikiwa yanakula chuma.

Kampuni ilikuwa na jibu lake, na lazima tulisikilize kwa sababu litasemwa tena mahali pengine: mto huu haukuwa msafi hata kabla yetu. Kweli, kuna vijito katika bonde hilo vinavyoitwa Iron Creek, Alum Creek na Bitter Creek. Chuma, shabu, uchungu: waliovipa majina hayo walikwisha kuonja. Mawe ya huko hutoa asidi yenyewe, na wanajiolojia wa serikali wamelithibitisha hilo. Lakini mtu kuwa na pumu si ruhusa ya kumfungia chumbani na jiko la mkaa. Alamosa ulikuwa mto wenye udhaifu, nao ulihitaji ulinzi kuliko mito mingine. Badala yake udhaifu wake ukatumiwa kama hoja ya kuumaliza.

Desemba 1992 kampuni ilifilisika. Wakuu wa jimbo walipewa taarifa ya siku chache tu kwamba hakutakuwa tena na mtu wa kuendesha pampu. Fikiria hali ilivyokuwa: katikati ya majira ya baridi, barabara ya mlimani imefunikwa na theluji, na ndani ya lundo kuna maji yenye sianidi zaidi ya lita milioni 500. Pampu zikizimika, mabomba yataganda, na theluji ikiyeyuka lundo litafurika lote kwa mkupuo kuelekea bondeni. Jimbo likafungua sanduku la dhamana likakuta fedha za kuendeshea pampu kwa muda mfupi, si za kuponya mlima. Likaomba msaada Washington. Shirika la serikali kuu la ulinzi wa mazingira, EPA, likapeleka watu wake mlimani mwezi uleule, wakashika pampu, na tangu siku hiyo mlipaji akawa Mmarekani wa kawaida ambaye pengine hajawahi kusikia jina la Summitville.

Gharama ya usafishaji imepita dola milioni 150. Sasa tuiweke kwenye mizani. Mgodi ulitoa wakia za dhahabu karibu 294,000. Bei ya dhahabu katika miaka ile aghalabu ilikuwa kati ya dola 350 na 450 kwa wakia. Ukizidisha hata kwa bei ya juu hupati dola milioni 135. Dhahabu yote iliyotoka mlimani, kabla ya kutoa mshahara wa mtu mmoja au lita moja ya dizeli, haiwezi kulipia kuosha uchafu wake. Ingekuwa afadhali jimbo lingewalipa wachimbaji wakae nyumbani.

Fedha za EPA nazo zina kisa chake. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoanzisha mfuko uitwao Superfund, wa kusafisha maeneo ambayo mchafuzi wake hajulikani, amekufa au amefilisika. Mfuko ulijazwa kwa kodi maalumu iliyotozwa kampuni za mafuta ghafi na za kemikali. Mpango huo ulikuwa na akili: sekta inayozalisha sumu ndiyo inayochangia kuiondoa, kama wanachama wa chama cha kuzikana wanavyochanga kabla ya msiba. Summitville iliingizwa rasmi katika orodha ya Superfund mwaka 1994. Desemba 31, 1995, kodi ile ikafika ukomo wake, na Bunge halikuifufua. Mwaka 1996 mfuko ulikuwa na karibu dola bilioni 3.8. Kufikia mwaka 2003 akiba hiyo ilikuwa imekwisha, na kazi ikawa inategemea bajeti ya kila mwaka, yaani kodi ya mwalimu, muuguzi na dereva wa lori. Miaka zaidi ya 25 ilipita kabla ya kodi kurudi: ya kemikali mwaka 2022, ya mafuta mwaka 2023.

Naomba msomaji asipite haraka hapa, kwa maana watu wengi hudhani kosa la Summitville ni la kampuni peke yake. Kampuni ilitenda maovu, na mwaka 1996 ile kampuni tanzu ilikiri makosa ya jinai mahakamani. Lakini faini juu ya kampuni iliyofilisika ni sawa na kumdai marehemu. Aliyekuwa na nguvu ya kuzuia maafa alikuwa yule aliyeketi mezani siku ya kutoa leseni. Alikuwa na muhuri mkononi, na kampuni ilikuwa na hamu. Siku hiyo angeweza kudai dhamana ya kutosha, na angeipata au mlima ungebaki salama. Baada ya muhuri kugonga karatasi, nguvu ile haikuwepo tena. Colorado ilijifunza: mwaka 1993 ilirekebisha sheria yake ya ukarabati wa migodi, ikaongeza ukaguzi na masharti ya mipango ya kulinda maji kwa migodi inayotumia kemikali za hatari. Huko kaskazini, katika jimbo la Montana, watu wanaopenda mito ya trauti kama sisi tunavyopenda mpira, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 wapiga kura wenyewe walipiga marufuku migodi mipya ya wazi inayotumia sianidi.

Kwenye mlima wenyewe, lundo lilioshwa, shimo likafukiwa, handaki la Reynolds likazibwa kwa zege. Maji ya Alamosa leo ni bora kuliko ya mwaka 1992. Lakini asidi haijaisha, kwa kuwa mwamba uliovunjwa haurudi kuwa mzima. Maji yanayotoka mlimani hukusanywa, yakatiwa chokaa ili shaba izame, kisha yakaachiwa kijitoni. Mtambo wa kwanza ulichakaa, ikabidi kujengwa mwingine, uliokamilika mwaka 2011. Kwa taratibu za Superfund, serikali kuu hubeba sehemu kubwa ya gharama hizo kwa miaka kumi, kisha jimbo hubaki na mzigo wote, bila mwisho uliopangwa. Mgodi ulidumu kwa miaka isiyofika kumi. Watoto waliozaliwa mwaka ulipofungwa sasa ni wazazi, nao wanalipia chokaa.

Kwetu dhahabu ipo Geita, Mara, Migori na Kakamega, na katika mito ya huko hakuna trauti. Mto Mara una ningu na kambare, na matamvua ya ningu hayajatengenezwa kwa chuma. Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inazungumzia dhamana na mfuko wa kurejesha mazingira katika hali yake. Sheria yake ya madini ya mwaka 2016 inamdai mchimbaji dhamana ya mazingira. Tanzania nayo inaidai migodi mikubwa dhamana ya ukarabati. Colorado pia ilikuwa na sheria. Ilikuwa na dhamana, iliyowekwa na kusainiwa, ndani ya faili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama kiasi kile kinatosha kumlipa mgeni kuja kusafisha katikati ya theluji wakati mwenyewe amekwisha kukimbia.

Siku wataalamu wa mgodi watakapokuja kijijini kwako kwa mkutano wa tathmini ya mazingira, watakuja na picha za zahanati na madawati. Wasikilize kwa adabu, maana zahanati tunaihitaji. Kisha simama, ndugu yangu, uulize. Dhamana ni shilingi ngapi? Nani aliyeipigia hesabu, kampuni yenyewe au mtu asiye na maslahi nayo? Je, ni fedha zilizolala benki, au ni ahadi tu ya kampuni mama iliyo ng'ambo? Hesabu hiyo imetia mvua kubwa ya mwaka mbaya, au imetia mvua ya wastani? Mgodi ukifungwa na maji yakaendelea kutoka na asidi, nani atanunua chokaa mwaka wa 20, na mwaka wa 50? Jibu likikosekana katika karatasi walizokuja nazo, waombeni warudi siku nyingine wakiwa nalo, na sahihi zenu zibaki kwenu.